Sababu za Mwombaji (Usizidishe Mistari Mitano)

Jina kamili: Sikujua Rashidi Nampanda.
Hapo kalamu haikusita.
Chuoni walicheka hadi wakachoka:
mwanasheria aitwaye Sikujua,
na kutojua sheria si utetezi.

Anwani: Kitangari, Newala, nyuma ya mashine ya kusaga.
Elimu: shahada ya sheria, daraja la pili, la chini.
Kazi: fotokopi shilingi mia,
kuchapa malalamiko elfu tatu,
na kama huna, leta korosho za kuchoma, tutaelewana.

Kisha: Eleza kwa nini unaomba Shule ya Sheria.

Nikaandika: Kuitumikia jamii yangu.
Nikakata.
Jamii ipi? Hii inayopita asubuhi
na kunisalimia "wakili",
nami naitika, Mungu anisamehe,
ilhali shahada yangu ni kiti tu:
inanikalisha benchi la nyuma, Baraza la Ardhi,
nisikie mtu akipoteza shamba kwa kukosa neno moja
ambalo ninalo mdomoni.
Hainisimamishi.

Nikaandika: Kipato.
Kweli tupu. Nikaitazama ilivyo uchi,
nikakata.

Joho sikuliandika. Nililiwaza tu,
jeusi, kwenye vumbi letu jekundu,
na mama akilipiga pasi ya mkaa kwa woga.

Usiku umeme ukakatika.
Ukweli nikauambia tochi ya simu.

Mikorosho thelathini na miwili,
njia ya kushukia bondeni.
Mjomba Likwanya alipofariki ukoo ulikaa siku moja.
Kwetu shamba hufuata tumbo:
watoto wa dada ndio warithi,
mke ni mgeni aliyekawia kuaga.
Mgeni huyo, Bi Somoe, alipalilia miaka kumi na tisa,
akabeba bomba la salfa mgongoni
mpaka makohozi yake yakawa ya njano.
Akapewa jembe, sufuria mbili
na nauli ya kurudi kwao Nanyamba.

Hakulia. Aliuliza swali moja:
"Na za mwaka huu? Nimeshapuliza."
Hakuna aliyejibu.
Nilikuwepo, nimemaliza kidato cha sita,
nimeshika birika la kunawisha wakubwa.

Za mwaka huo zilikwenda ghalani,
zikapigwa mnada, bei ikawa nzuri ajabu,
pesa zikaingia benki kwa jina la kaka yangu,
zikatoka kama ada.
Yangu.
Wiki ya kwanza chuoni mhadhiri aliuliza darasa zima
haki ni nini,
nami nikanyoosha mkono.

Nimesoma mirathi. Nimesoma sheria ya ndoa,
mali iliyochumwa kwa jasho la wawili;
nilipigia mstari kwa wino mwekundu,
nikarudia, nikarudia,
ukurasa ukatoboka.

Mwezi uliopita alikuja dukani.
Hakunitambua, au alinitambua.
Alikuwa na karatasi moja, risiti ya chama cha msingi,
jina la marehemu, mwaka ule, kilo zile,
imekunjwa hadi mikunjo ikawa matundu.
"Nakala mbili," akasema.
"Moja yangu. Moja ya atakayenisimamia."
Mashine ikapitisha mwanga wake taratibu.
Nikakataa kumtoza.
Akaiacha mia mbili juu ya kifuniko, akaondoka na kikohozi chake.

Mia mbili ile sijaitumia.

Alfajiri, umeme umerudi, jogoo wa jirani keshapitwa na zamu.
Walinipa mistari mitano. Nimetumia mmoja:
Kuna mtu ananidai.

Chini, palipoandikwa sahihi ya mwombaji,
nikaandika jina langu.
Nikalisoma kwa sauti.

Nilijua.